Pikipiki Mpya Kwenye Kona za Kabale na Musanze

 Kamati ya gazeti imeniomba niandike yale niliyosema mchana ule wa Jumamosi, baada ya chakula, nusu ya watu wakiwa wanasinzia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Pale mlipocheka nimepaacha palepale, ingawa mke wangu alishauri nipunguze.

Kisa cha kupewa nafasi ile ni vijana wetu wa bodaboda. Wamepanga mwakani waende Musanze kwa msafara wa pikipiki, na walinijia mimi kwa sababu nimeshapita njia hiyo. Waliniuliza, "Mzee, barabara ikoje?" Barabara ni lami mwanzo hadi mwisho, nikawajibu, hilo lisiwanyime usingizi. Kisha nikakaa nikajiona mwongo. Kwa maana safari ile, wapendwa, nusura nimwache mke wangu kwenye lami hiyohiyo nzuri. Kwa hiyo na wewe unayesoma, kama una pikipiki au mwanao anayo, kaa tuzungumze.

Mimi naendesha pikipiki tangu mwaka 1994. Nilianza na ya mjomba ya kubebea maziwa, na miaka ya karibuni nimekuwa na Boxer za cc 100, mbili mfululizo, nikizunguka Kamachumu na Muleba kununua kahawa. Nimepakia magunia, nimepakia mbuzi, nimepakia wagonjwa usiku wa mvua. Basi nilipoamua kununua ile kubwa ya safari ndefu, Suzuki V-Strom 650, sikumwomba mtu anifundishe. Mtu ameendesha miaka yote hiyo, afundishwe nini tena?

Hebu niwaeleze chombo chenyewe. Injini ya silinda mbili, tangi la lita 20, diski mbili za breki mbele na moja nyuma, na ile ABS inayozuia tairi lisijifunge ukikamata breki kwa hofu. Ikiwa imejazwa mafuta inafika kilo 216, karibu mara mbili ya Boxer. Kiti chake kiko sentimita 83 na nusu kutoka ardhini, na mimi mnaniona, sikupewa miguu mirefu. Nikikaa, nafika chini kwa vidole tu. Mke wangu alipoiona siku ya kwanza aliizunguka mara mbili, kisha akauliza jambo moja: "Baba, kati ya hii na kile kiwanja cha Kashai, kipi kimebaki?"

Nilimwambia kiwanja tutapata kingine. Hilo nalo tuliache.

Tuliondoka Bukoba mwezi wa sita, kiangazi, wawili sisi na masanduku matatu. Mpaka daraja la Kyaka na kufika Mutukula, kilomita 80, sina la kusimulia ila raha. Kwenye Boxer ukifika mwendo wa 80 kila nati inaanza kukuombea. Hii kubwa, ukiwa 90, injini inanong'ona tu, na kioo cha mbele kinakukinga upepo hata unasikia mwenzako anasema nini nyuma. Kama mwenzako ana ya kusema. Pale mpakani jiandae na kadi ya pikipiki yenye jina lako mwenyewe, leseni, na ile kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima inayotambulika nchi zote hizi. Ukiwa nazo hukai. Masaka, Mbarara, twende. Kwa tangi moja tulipita kilomita 350 na bado geji haijalia.

Milima inaanza kuonja ukitoka Ntungamo kuelekea Kabale, na hapo ndipo nilipoanza kulewa. Natumia neno hilo kwa makusudi. Unajua sisi wa Boxer mlima tunausikia tangu mbali. Unashusha gia, unalala kifuani juu ya tangi, mke anashuka atembee kidogo, injini inalia kama mtoto. Tena huko juu hewa ni nyepesi. Injini hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na Kabale iko mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Pikipiki yenye kabureta inapoteza zaidi, kwa sababu mafuta yanabaki mengi kuliko hewa, ndiyo maana unaona plagi imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Hii mpya ina kompyuta inayopima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Nguvu inapungua, naam, lakini ilikuwa nayo nyingi mno kwa mtu wa cc 100. Nilikuwa napanda bila kujua kuwa napanda.

Na mtu asiyejua kuwa anapanda hajui pia kuwa atashuka. Niliyapita malori manne kwa mkupuo mmoja, upande wa juu wa kona, nikajisikia kijana. Nyuma nikafinywa ubavu. Nilidhani ananisifu.

Kabale ilinishusha kidogo, kwa maana halisi. Tulikuwa tunaingia kwa wenyeji wetu, njia imeelemea upande, na watoto wa shule wamejipanga kuangalia pikipiki kubwa. Nikasimama. Nikatoa mguu wa upande wa bonde, kama ninavyofanya siku zote na Boxer, na ule mguu ukatafuta ardhi usiipate. Kilo 216, masanduku, na mama watoto juu yake, haviulizi. Tukalala chini polepole, bila mwendo wowote, kama ng'ombe anayejipumzisha. Hakuna aliyeumia. Watoto walipiga makofi.

Kijana wangu, hili ulishike: ukisimama mahali palipoinama, mguu wa kushusha ni wa upande wa juu. Na ikishaanguka usiinyanyue kwa kuinama na kuvuta, utavunja mgongo. Izime, ipe mgongo, chuchumaa mpaka makalio yaguse kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu ukitembea kinyumenyume, hatua ndogondogo. Kama imelalia upande wa kulia, teremsha stendi kwanza, isije ikavuka ikaangukia upande wa pili. Mzee wa ushirika wa Kabale, mwenyeji wetu, ndiye aliyenionyesha, na yeye ni mtu wa miaka sitini na zaidi, mwembamba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuita watu wanne.

Kesho yake asubuhi tukaishika njia ya Kisoro. Ni kilomita kama 80 tu, na ukiniuliza barabara nzuri kuliko zote nilizopita maishani, ni hiyo. Ziwa Bunyonyi linajionyesha chini, visiwa vimekaa kama vifaranga, halafu linapotea, halafu linarudi upande mwingine. Mashamba ya viazi yamepanda milima mpaka kileleni. Kisha unaingia msitu wa Echuya, mianzi imesimama pande zote mbili na ukungu umelala barabarani. Baridi yake si ya mchezo. Nilivaa glavu za kazi za shambani, na baada ya nusu saa sikusikia tena vidole vyangu viko kwenye klachi au wapi. Kioo cha helmeti kikajaa ukungu kwa ndani mpaka nilipokiachia upenyo kidogo. Vijana, glavu za maana si urembo. Mkono uliokufa ganzi unachelewa, na kona haikusubiri.

Halafu mnafika Kanaba, pale mlima unapoachia ghafla, na mbele yenu kuna volkano zimesimama: Muhavura yenye mita 4,127, Mgahinga pembeni yake, na Sabyinyo yenye meno meno, ambayo juu yake Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Tuliegesha. Mke wangu alivua helmeti akakaa kimya muda mrefu. Nilifikiri ni uzuri wa milima. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuniambia kitu.

Akasema, "Baba, wewe unapinda kona kama uko peke yako."

Nikajitetea. Nikamwambia tatizo ni yeye, kila nikilala kushoto yeye anaegemea kulia, pikipiki inakataa kupinda. Na hilo lilikuwa kweli, alikuwa anafumba macho na kujivuta kinyume. Lakini wapendwa, nani alimfundisha? Kwenye Boxer mjini abiria anakaa kama gunia na mambo yanaenda. Kwenye hii, kilo zaidi ya 400 ukijumlisha kila kitu, abiria akiegemea nje ya kona, pikipiki inapanuka kuelekea upande wa magari yanayokuja. Tulikubaliana pale pale: kona ikiwa ya kushoto, atazame juu ya bega langu la kushoto, ikiwa ya kulia, bega la kulia. Basi. Mwili unafuata macho wenyewe. Jambo dogo namna hiyo lilibadilisha pikipiki nzima. Ilikuwa kama mtu amekaza nati fulani iliyolegea.

Tukaanza kushuka kuelekea Kisoro, na hapo yangu nayo yakaonekana.

Sisi wa bodaboda tuna mambo mawili tunayoshuka nayo mlima. La kwanza ni kuweka frii, ili tuokoe mafuta. La pili ni breki ya mguu. Breki ya mkono, ya mbele, tunaiogopa, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuikamata kwenye mchanga akabusu ardhi. Tunafundishana, "Ya mbele ni ya kuua, tumia ya mguu." Frii sikuweka, uzito ule ulinitisha. Lakini mguu wangu wa kulia ulikaa juu ya breki tangu Kanaba, kona baada ya kona. Kwanza nikasikia harufu, nikadhani ni lori lililotutangulia. Halafu pedali ikaanza kuwa laini. Unakanyaga, inashuka, unakanyaga tena, imeshuka zaidi, na mwendo uko palepale. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Nikakumbuka breki ya mbele kwa lazima, kama mtu anavyokumbuka deni, nikaikamata taratibu kwa vidole viwili, na pikipiki ikatulia, ikasimama pembeni kama mtoto mtiifu.

Diski ya nyuma ilikuwa imechemka hasa. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, ndiyo maana mguu unazama bila kitu kutokea. Halikuwa kosa la aliyeitengeneza. Diski ile moja ndogo ya nyuma haikuwekwa ili ibebe mlima mzima.

Tukiwa tumekaa hapo tunasubiri ipoe, akasimama kijana wa boda wa Kisoro, amebeba viazi gunia mbili na mtu juu yake. Akaisalimia pikipiki kabla ya kutusalimia sisi. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chao cha mpakani, "Sebo, hii iko na gia ngapi?" Nikamwambia sita. Akauliza nilikuwa nashuka na ngapi. Nikamwambia ya tano. Alicheka mpaka viazi vikatikisika. "Muzee, wewe unashuka na yakupandia ndege! Panda na gia gani, shuka na hiyohiyo."

Wapendwa, sijawahi kusikia somo fupi kama lile. Tuliposhuka baada ya hapo niliweka ya tatu, na kwenye kona kali ya pili, nikaachia mafuta, injini ikashika mlima yenyewe, ikinguruma. Breki zikawa za kusaidia tu, mbele na nyuma pamoja, kabla ya kuingia kona, na si ndani yake. Na nyie mnaoweka frii kwa ajili ya mafuta, mnisikilize vizuri. Pikipiki za siku hizi zinazopuliza mafuta kwa kompyuta, ukishuka ukiwa na gia na umeachia mkono, zinakata mafuta kabisa, hazinywi hata tone. Ukiweka frii ndipo zinakunywa, kwa sababu injini lazima ijizungushe isizime. Kwa hiyo unalipa, na huna cha kukushikilia. Ndugu zetu wa Goma wenye zile chukudu za mbao, wanaoshuka na mizigo mizito bila injini kabisa, wana udhuru. Wao gia hawakupewa.

Kutoka Kisoro mpaka wa Cyanika ni karibu sana. Nilipofika huko nilikuwa mtu aliyeonywa mara tatu kwa siku mbili, na nilijiona nimehitimu. Maofisa walitupokea vizuri. Unarudisha saa nyuma kwa saa moja, na unahama upande. Hili la upande kila mtu analijua: Tanzania, Uganda na Kenya tunapita kushoto kama tulivyoachiwa na Mwingereza, Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia kwa urithi wa Mbelgiji. Nililijua. Nilipotoka mpakani nilikuwa nalisema kwa sauti ndani ya helmeti: kulia, kulia, kulia. Kilomita nzima nzima nilikaa kulia kama mtu aliyeshonewa huko. Magari yaliyokuja mbele yalinisaidia kukumbuka.

Tukasimama kunywa chai. Mahali pazuri, upande wa kushoto wa barabara, mwanamke anauza chai ya maziwa na maandazi, Muhavura ikiwa juu yetu. Nilivua helmeti, nikacheka, nikasimulia watu habari za gia ya tano, nikiwa nimeshaifanya hadithi. Mke wangu naye alicheka. Tulikaa labda nusu saa.

Kisha tukaondoka. Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari mbele wala nyuma. Nikatoka pale nilipoegesha, nikaingia lami, na nikaenda. Kushoto.

Mwaka 1994 mpaka siku ile. Mwili wangu ulienda nyumbani bila kuniuliza.

Sikujua kuna tatizo. Ndivyo ilivyo, usifikiri utasikia kengele. Kila kitu kilikuwa sawa, tena nilijisikia vizuri kuliko asubuhi yote, kwa sababu mikono ilikuwa imerudi kwenye mazoea yake. Kona iliyofuata ilikuwa ya kushoto, imebana ukuta wa udongo, huoni mbele. Kwetu hiyo ndiyo kona unayoikumbatia. Nikaikumbatia. Na ndani yake ikatokea koasta imejaa watu, iko upande wake halali, inanijia usoni.

Nilichokifanya nitawaambia bila kukipamba. Nilizidi kwenda kushoto. Mwili wa mtu wa kushoto ukiona hatari unakimbilia kushoto, na dereva yule kila alichokuwa nacho cha kumkwepesha kilikuwa kulia kwake, yaani kulekule nilikokimbilia mimi. Tungekutana kwenye udongo. Niliikodolea macho ile bampa. Pikipiki huenda unakotazama, kila dereva mzoefu atakwambia, na mimi nilikuwa natazama namba za gari.

Nyuma yangu nikasikia kelele, sikuwahi kusikia sauti ile kwa mke wangu, hata siku alipokuwa akijifungua. "Kuliaaa!" Na kofi zito kwenye bega la kulia. Macho yangu yakaenda kwenye bega lililopigwa. Nikasukuma mkono wa kulia wa usukani, pikipiki ikalala kulia, tukavuka barabara mbele ya ile koasta. Honi yake ilipita nyuma ya masikio yetu. Upepo wake nikausikia mgongoni kwangu, kwa hiyo yeye aliusikia zaidi.

Nikasimama mbele kidogo. Miguu ilikataa kushika stendi. Yeye alishuka, akatembea bila kusema neno, akakaa juu ya jiwe, akatazama mashamba. Nilisimama karibu naye bila kujua pa kuweka mikono. Watu wawili waliokuwa wakipalilia walisimama, wakatutazama, wakarudi kwenye kazi yao kwa heshima.

Baada ya muda akasema, "Ulikuwa kushoto tangu tulipoondoka kwenye chai." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Nilidhani unajua unachofanya. Wewe si ndiye dereva?"

Hilo ndilo lililoniuma na linaniuma bado. Alikuwa ameona. Alikuwa ameona tangu mita ya kwanza, akanyamaza, kwa sababu miaka yote hiyo nimemzoesha kwamba abiria hamfundishi dereva. Nimemwambia hivyo mara ngapi kwenye ile Boxer? Na pale Kanaba, aliponiambia napinda kama niko peke yangu, nilimjibu nini? Nilimwambia tatizo ni yeye.

Sikuwa na maneno, nikamwomba radhi. Akafungua begi lake, akatoa kitenge alichokuja kumzawadia mwenyeji wetu wa Musanze, akakichana pembeni utepe mrefu, akaufunga kwenye kioo cha kulia cha pikipiki, fundo tatu. Kitenge cha zawadi kikafika na pindo limechanika, na mwenyeji hakuuliza. Kisha akaniwekea sharti: kila tutakapowasha injini, hata kama tumesimama dakika moja kuuliza njia, yeye atasema "Upande?" na mimi nitajibu kabla ya kutia gia. Nisipojibu hapandi.

Siku tano tulifanya hivyo. Musanze sokoni, "Upande?" "Kulia." Njia ya kwenda Kigali, ile inayopanda na kushuka mpaka Shyorongi halafu inakumwaga Nyabugogo kwenye magari elfu, "Upande?" "Kulia." Watu wa boda wa Rwanda, wenye fulana zao na helmeti ya abiria, walikuwa wanatutazama wakidhani ni sala fulani ya kwetu. Nilijifunza pia kwamba hatari haiko mpakani penyewe, ambapo kila mtu yuko macho. Iko kwenye barabara tupu, baada ya chai, asubuhi ukitoka uani kwa mwenyeji, ukitoka sheli. Na kona zimegeuka: kule ya kulia ndiyo inayokubana ukutani, na jicho lako halijazoea kuchungulia upande huo. Nilizipita kwa mwendo wa mtu anayejifunza, nikisubiri nione kona inapofunguka ndipo niiongezee mafuta. Malori yalinipita. Nikayaacha.

Na pikipiki? Mtaniuliza, ni nzuri? Ni nzuri mno. Siku ya tano nilianza kuielewa. Ukiiingiza kona kwa gia yake, breki umeshamaliza nje, macho yako mbele mwisho wa kona, na abiria wako anatazama bega hilohilo, inapinda kwa upole ambao Boxer haina. Kuna kona moja kabla ya Shyorongi tulipinda vizuri hata mke wangu akanipiga bega kidogo, safari hii kwa furaha. Nilikaribia kulia ndani ya helmeti.

Tulirudi kwa Rusumo. Taratibu za mpaka zikaisha, tukavuka, Tanzania, tukapanda pikipiki. Nikawasha. Nyuma yangu: "Upande?"

Nikajibu bila kufikiri, "Kulia."

Hakupanda. Alikuja mbele, akafungua fundo moja moja, akauhamishia utepe kwenye kioo cha kushoto. Uko hapohapo mpaka leo, umepauka kwa jua, mmeuona wengi mkadhani ni pambo. Vijana wa msafara, pikipiki iko nje chini ya mwembe. Anayetaka kuikalia apime kama miguu inafika chini, karibu. Ufunguo anao mama, na atakuuliza swali kwanza.